Mpaka Unapimwa Kesho

Mzigo wa Teofila Szuwar ulikaa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliyeingia ilimbidi aukwepe asijikwae. Lilikuwa shuka nene la kitani lililofungwa ncha kwa ncha, na ndani yake mlikuwa na mikate iliyokaushwa, chumvi, sufuria ndogo, koti la pili, na picha ya Bikira Maria iliyotoboka pembeni. Kila vuli, mikate ilipoanza kuota ukungu, Teofila alifungua shuka, akampa nguruwe mikate ya zamani, akakausha mipya, akafunga tena. Alifanya hivyo tangu siku ile tulipoteremshwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kuambiwa kwamba Dębowa sasa ndiyo kwetu. Siku hiyo kila mtu alikuwa na mzigo kama huo. Mmoja baada ya mwingine tukaifungua mizigo yetu, wengine kwa mwaka, wengine kwa miaka. Yeye tu ndiye aliyebaki na wake, na kijiji kizima kilimjua kwa mzigo huo kama mtu anavyojulikana kwa kilema chake.

Kijiji chenyewe ni cha mtaa mmoja. Barabara inashuka pamoja na kijito, nyumba za matofali mekundu zimejipanga upande mmoja, upande wa pili ni maji, na nyuma ya nyumba mashamba yanapanda mlima, membamba na marefu kama mikanda, mpaka msituni. Ukianzia kwa mwenyekiti, kule kwenye kinu, nyumba ya mwisho kabisa ni ya Teofila, pale ambapo barabara imechoka na kuwa njia ya mkokoteni. Nyumba hizo hatukuzijenga sisi. Walizijenga Wajerumani, wakaishi humo tangu enzi za mababu zao, wakafukuzwa vita vilipokwisha, nasi tukaingia masufuria yao yakiwa bado jikoni. Jina la zamani la kijiji lilichongwa kwenye pampu ya maji. Tulilikwangua kwa patasi, lakini ukipitisha kidole bado unalisoma.

Na sisi tuliowafuata tulikuwa tumefukuzwa vilevile. Wengi wetu ni watu wa Hreczanka, mbali huko mashariki, na mpaka leo ukituuliza kwa nini tulihama tutakukatiza: hatukuhama sisi, ulihama mpaka. Wakubwa walikaa mezani mahali fulani, wakasogeza mstari kwenye ramani, nasi tukaamka asubuhi tukiwa kwenye nchi ya wenyewe. Wachache, kama Hilary Pytlak, jirani yake Teofila, walitoka Poland ya katikati na kuja hapa kwa hiari yao kutafuta ardhi. Kwa watu hao mpaka ni ule ukanda wa nyasi kati ya viazi vyangu na viazi vyako. Kwetu neno hilo lina meno.

Kutoka Hreczanka tulikuja pia na fimbo ya mbiu. Ni mzizi wa mwaloni uliojipinda, umelainika kwa mikono ya vizazi, na mzee Wincenty, mwenyekiti wetu, aliusafirisha akiwa ameuficha kwenye mguu wa suruali. Akiwa na jambo la kutangaza, hupeleka fimbo nyumba ya kwanza pamoja na maneno. Nyumba ya kwanza huipeleka ya pili na kuyasema maneno yaleyale, na hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Wa mwisho huirudisha kinuni na kumwambia mwenyekiti alichosikia, ili ijulikane kama neno limefika zima au limechakachuliwa njiani. Kulala na fimbo nyumbani ni mwiko, na hakuna aliyewahi kuthubutu.

Teofila aliichukia fimbo ile. Kule Hreczanka ilimfikia akiwa anakanda unga, na aliyeileta alisema maneno machache tu: mpaka umesogezwa, fungasheni. Aliuacha unga kwenye karai ukiendelea kuumuka. Aliacha pia kaburi la mwanawe wa kwanza, chini ya uzio wa kanisa, bila hata msalaba mpya aliokuwa ameahidiwa na seremala. Tangu hapo, kila alipomwona mtu akija na fimbo mkononi alitupia jicho mzigo wake kwanza, hata kama habari yenyewe ilikuwa chanjo ya kuku.

Mumewe Ambroży hakuwa hivyo. Alitaka kupanda bustani ya matunda tangu mwaka wa kwanza, naye Teofila akakataa katakata. Mti unachukua miaka kuzaa, alimwambia, tutampandia nani? Mjerumani akirudi? Mrusi akija? Hata bati lililovuja hakutaka litengenezwe, aliweka ndoo chini yake, ndoo ikijaa anaimwaga. Basi Ambroży hakubishana, lakini msimu uliofuata mpeasi mdogo ukaonekana kule juu shambani, karibu na jiwe la mpaka, umefungiwa kijiti cha kuushikiza usipigwe na upepo. Alipoulizwa alisema ndege wameangusha mbegu. Teofila alijua vizuri kuwa ndege hawafungi kamba, akauacha, na mpeasi ukakua. Ulianza kuzaa mwaka ambao Ambroży alikufa.

Baada ya hapo Hilary akaanza kumega. Hakumega kwa fujo, hapana, Hilary si mtu wa fujo, ni mtu wa masihara na kicheko. Kila masika jembe lake lilipofika kwenye ukanda wa nyasi liliula kidogo, na masika yaliyofuata kidogo tena, hadi ukanda ukaisha, jiwe likafukiwa na udongo, na mpeasi ukabaki peke yake katikati ya viazi vya Hilary. Wanakijiji waliona. Walimwambia Teofila aende kwa mwenyekiti, naye akawajibu kwamba mtu aliyefunga mzigo hagombanii mfuo wa jembe. Hata mapeasi aliyaokota asubuhi mapema, akitazama huku na huku kama mwizi.

Ndipo vuli ile, wakati wa kuvuna viazi, Hilary akatokea kwenye uzio wake akiwa na fimbo begani. Alikuwa na haraka, farasi wake alikuwa bado amefungwa kwenye gari.

"Habari ya fimbo, jirani," alisema. "Mpaka unapimwa upya kesho. Kila mtu awe tayari, na asiyekuwepo shauri yake."

Teofila alishika uzio. "Mpaka?"

"Mpaka. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Wewe una raha bwana, mzigo wako umeshafungwa. Sisi wengine ndio tutahangaika."

Akacheka, akamwachia fimbo, akaenda zake. Maneno aliyopewa yeye yalikuwa marefu zaidi: kwamba mpima ardhi anakuja kupima upya mipaka ya mashamba, kwamba kila mwenye shamba asimame kwenye mpaka wake akiwa na kigingi na kuuonyesha, na kwamba asiyekuwepo litafuatwa neno la jirani yake. Hilary aliyafupisha kwa uvivu, au kwa kuwa neno la jirani lilikuwa neno lake mwenyewe. Mimi sitaapa juu ya hilo. Najua tu kwamba yale aliyoyaacha ndiyo yangemwokoa Teofila.

Aliingia ndani, akafunga mlango kwa komeo, akakaa kwenye kiti na fimbo mapajani. Kwa hiyo siku ile imefika, aliwaza. Alikuwa ameingoja miaka yote hii, wakimcheka, wakiukwepa mzigo wake na kumwuliza safari lini, na sasa imefika naye hakuona fahari yoyote ya kuwa alisema kweli. Aliona woga mtupu.

Angeweza kwenda kwa watu kuuliza. Lakini Hreczanka, waliokwenda kuuliza kwa mwenyekiti ndio waliopakiwa behewa la kwanza. Alichungulia dirishani badala yake, na kila alichokiona kilimthibitishia. Bomba la moshi la Leokadia, rafiki yake aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, lilikuwa linafuka wakati si wa kupika: wanaoka mikate ya safari. Kutoka uani kwa Hilary zilisikika nyundo: wanapigilia masanduku. Kumbe Leokadia alikuwa anachemsha jemu ya maplamu, na Hilary alikuwa anachonga vigingi kama ilivyoagizwa. Woga una macho yake, na yanaona mbali kweli.

Kisha akaitazama fimbo. Zamu ya kuirudisha ilikuwa yake. Angeshuka hadi kinuni, aseme mbele ya mzee Wincenty maneno aliyosikia, na neno lingekuwa limetimia. Wazo likamjia, la kitoto kabisa, lakini alilishika kwa mikono miwili: neno ambalo halijarudi halijaisha. Asipoirudisha, mpaka hauwezi kusogea. Akaifunga fimbo ndani ya mzigo, kati ya mikate na picha ya Bikira Maria, akakaza fundo.

Kulipopambazuka alivaa makoti yote mawili, akawafungulia kuku, akamwachia nguruwe viazi tele, akamfunga kamba ng'ombe wake Krasula na kupanda naye shambani kuelekea msituni. Alipita kando ya mpeasi. Mapeasi yalikuwa yameiva, mengine yamedondoka kwenye viazi vya Hilary. Alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyotaka. Hreczanka hakupata nafasi ya kuaga kaburi, na sasa alijikuta anaushika mti na kuuambia kimoyomoyo maneno aliyopaswa kumwambia Ambroży: kwamba alijua si ndege. Akalia, akajifuta kwa mkono wa koti, akaingia msituni kwa hofu ya kuonekana.

Alijificha penye miti mikubwa, mahali ambapo majani yanazuia mtu wa chini asikuone lakini wewe unamwona. Baridi ilikuwa ya mvua. Aliketi juu ya mzigo, akamshika Krasula pua asilie. Jua lilipokuwa limepanda kidogo, gari dogo la kijivu liliingia kijijini. Wakashuka wanaume wawili wenye kofia, wakatoa sandukuni kitu kirefu, wakakisimamisha juu ya miguu mitatu na kukielekeza kwenye nyumba. Mmoja akainama na kuweka jicho. Teofila alikuwa amekiona kitu cha namna hiyo kwenye vita, juu ya miguu mitatu, na aliyeinama nyuma yake hakuwa anapima chochote. Alijibana mdomo kwa kiganja. Alingoja mlio, akaanza kusali, akasahau maneno ya sala anayoyajua tangu utoto.

Mlio haukuja. Wale watu walihamisha kitu chao shamba hadi shamba, wakipanda mtaa taratibu, na watu wa kijiji waliwafuata bila kukimbia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kwa nini hawakimbii? Wamekubali? Wamekata tamaa kiasi hicho?

Nyuma yake tawi likavunjika. Alishtuka, akageuka. Alikuwa Leokadia, amefuata nyayo za ng'ombe, anahema, sketi imejaa matope, usoni ana alama ya jemu.

"Wewe Teofila, una wazimu?" alisema. "Mzee Wincenty anatafuta fimbo tangu jana. Anasema haijawahi kulala nje tangu babu yake. Iko wapi?"

"Usiiguse. Isirudi. Ikirudi tumekwisha."

"Tumekwisha nini?"

"Mpaka, Leokadia. Wanapima mpaka upya. Huoni bunduki ile?"

Leokadia alitazama chini, akamtazama mwenzake, makoti mawili, ng'ombe aliyeshikwa pua, na uso ule ambao aliwahi kuuona mara moja tu, kwenye behewa, nao ulikuwa uso wa kila mtu. Alikuwa na mdomo mkali, lakini safari hii hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

"Mwenzangu, nisikilize. Ni mpaka wa viazi."

"Wa nini?"

"Wa viazi. Wa kabichi. Wa wewe na Hilary. Kile si bunduki, ni darubini ya kupimia mashamba. Hakuna anayekwenda popote."

"Hilary alisema nikae tayari na mzigo."

"Hilary." Leokadia alilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu. "Na alikuambia kwamba asiyekuwepo linafuatwa neno la jirani? Hakukuambia. Basi inuka, kwa sababu yuko pale kwenye mpeasi wa mumeo anapunga mikono, na kigingi anacho."

Teofila hakuelewa mara moja. Woga hautoki mwilini kwa sababu tu mtu amekuambia hakuna cha kuogopa. Miguu ilikuwa bado ya mkimbizi. Lakini alitazama chini kati ya majani, akamwona Hilary karibu na mti, kigingi kikiwa kimesimamishwa upande huu, upande wa nyumba ya Teofila, na mpeasi ukiwa nyuma yake, umeshakuwa wa watu. Mwanamume mwenye kofia alikuwa anainua nyundo.

Alishuka mlima kama alivyokuwa, na makoti mawili, mzigo mgongoni, ng'ombe akimvuta au yeye akimvuta ng'ombe, Leokadia nyuma akimwita asianguke. Watu waligeuka. Baadhi walitabasamu, kwani walikwishajua wanaona nini, kisha wakaacha. Mpima ardhi, kijana mwenye mafua aliyetaka sana kwenda nyumbani, alishusha nyundo.

"Wewe ndiye mwenye shamba, mama?"

Teofila alifungua mdomo. Miaka yote aliyoishi Dębowa hakuwahi kusema nyumba yangu wala shamba langu. Alisema nyumba ile, shamba lile, kule ninakokaa. Alitazama shamba, akatazama watu, na woga uliompanda ulikuwa mkubwa kuliko wa msituni, maana msituni angeweza kukaa kimya.

"Jirani yako anasema mpaka ni huu hapa," kijana alisema. "Kama unakubali nipigilie."

"Ndivyo ilivyo tangu nilipoanza kulima," alisema Hilary, lakini alisema akiuangalia udongo.

Teofila aliushusha mzigo chini mbele ya wote. Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno. Mikate ikamwagika, sufuria ikabingirika, na kutoka katikati akaitoa fimbo ya mbiu. Mzee Wincenty aliguna pale alipoiona. Teofila alipita kando ya kigingi, akapita mpeasi, akaingia ndani ya viazi vya Hilary, akiangalia mti na kuangalia nyumba, akikumbuka mahali Ambroży alipokuwa akipumzika mgongo ameegemea jiwe. Akainua fimbo kwa mikono miwili na kuichoma ardhini.

"Hapa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akameza mate, akarudia. "Ni hapa. Huku ni kwangu."

Fimbo iligonga jiwe. Tulilisikia wote. Ni Hilary mwenyewe aliyechukua sepetu na kufukua, kwa sababu ilikuwa afadhali afukue yeye kuliko afukuliwe. Jiwe la mpaka la Wajerumani lilikuwa palepale walipoliacha, na herufi zao juu yake. Mpima ardhi alipiga chafya, akaling'oa kigingi, akakipigilia kando ya jiwe.

Watu wakaendelea na shughuli zao. Leokadia akaokota mikate. Hilary alibaki amesimama, kofia mkononi, akiizungusha.

"Ile ya mzigo nilikuwa natania, jirani," alisema mwishowe. "Sikujua kwamba utakwenda msituni."

"Uliyajua maneno yote, Hilary."

"Niliyajua." Aliivaa kofia. "Na mapeasi? Nitapata hata kikapu?"

"Utaomba," alisema Teofila.

Aliirudisha fimbo mwenyewe, akashuka mtaa mzima hadi kinuni mchana kweupe, na mbele ya mzee Wincenty akayasema maneno ya mbiu kama Leokadia alivyomfundisha njiani, yote, bila kuacha hata moja. Shuka la kitani alilifua, akalitandika kitandani. Kwenye sufuria akapika supu ya kabichi. Alipoingia jikoni akauinua mguu kuukwepa mzigo, na hapakuwa na kitu cha kukwepa.

Ungedhani woga uliisha. Kwa miaka ile yote Teofila aliogopa kufukuzwa mahali pasipokuwa pake, na huo ni woga ambao mtu anaweza kuufunga kwenye shuka na kuuweka nyuma ya mlango. Sasa palikuwa pake. Alikuwa amelisema mwenyewe, kwa sauti, watu wakasikia. Jioni ile kabla giza halijaingia alitoka na kupanda shambani kutazama kama kigingi bado kipo. Kilikuwepo. Akarudi, akaanza kumenya viazi, akaacha kisu mezani, akavaa viatu, akapanda tena.